Habari za Vita Katika Beti: Ushairi na Kumbukumbu za Mapigano Shinyanga na Geita

Nchi iliyo kati ya pwani ya kusini ya Ziwa Victoria na uwanda wa Tabora, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika mikoa ya Shinyanga na Geita, inajulikana zaidi kwa dhahabu na almasi kuliko kwa ushairi. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya miaka 100, nchi hiyo ilipitiwa na vita au ilipeleka watu wake vitani, na habari za vita hivyo ziliwafikia wakazi wake kwa njia mbili zilizokwenda sambamba. Njia ya kwanza ilikuwa taarifa ya nathari, iliyoandikwa na mwandishi wa gazeti, ofisa wa jeshi au mtangazaji wa redio. Njia ya pili ilikuwa utungo wa kishairi, ulioimbwa ngomani au kuandikwa kwa beti. Historia ya njia hizi mbili inaonyesha kwamba ushairi haukuwa pambo lililoongezwa baada ya habari kwisha kutolewa, bali ulikuwa sehemu ya habari yenyewe, ile iliyojibu maswali ambayo taarifa fupi haikuyagusa: vita vilikuwa vya haki au la, nani alaumiwe, nani akumbukwe kwa jina, na waliobaki waishi vipi.

Nyimbo na tenzi

Ushairi wa vita uliowafikia watu wa eneo hili umekuwa wa aina mbili. Aina ya kwanza ni wimbo wa ngoma katika Kisukuma na Kinyamwezi, lugha mbili zenye udugu wa karibu sana, ambao hutungwa na ningi, yaani mtunzi ambaye pia ndiye mwimbishaji na kiongozi wa kundi lake. Makundi hayo, tangu karne ya 19, yamejipanga katika vyama viwili vikubwa vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, ambavyo mapokeo yanavihusisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Mashindano ya vyama hivi hufanyika hadharani, makundi mawili yakicheza kwa wakati mmoja, na mshindi huwa yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Utaratibu huo ulimlazimu mtunzi kuwa na habari mpya, na tena habari iliyo sahihi, kwa kuwa miongoni mwa watazamaji walikuwapo watu walioshuhudia jambo analoliimba, na kundi pinzani halikukosa nafasi ya kumuumbua aliyekosea.

Aina ya pili ni utenzi wa Kiswahili, utungo mrefu wa masimulizi ambao kwa kawaida kila ubeti wake una mishororo minne na kila mshororo una mizani nane, mizani ikiwa ni hesabu ya silabi. Mishororo mitatu ya kwanza humalizika kwa kina kimoja, yaani kwa silabi zinazofanana kwa sauti, na mshororo wa nne hubeba kina kingine kinachorudiwa katika mwisho wa kila ubeti tangu mwanzo wa utungo hadi tamati yake. Umbo hili lilizaliwa pwani, likatumika kwanza kusimulia mambo ya dini na vita vya zama za Mtume, na kwa sababu hiyo mtunzi aliyelichagua kusimulia vita vya wakati wake alikuwa tayari amefanya uamuzi kuhusu maana yake: alikuwa anasema kwamba mapigano ya majirani zake yanastahili kupimwa kwa kipimo kile kile cha haki na batili ambacho wasikilizaji wake walikizoea katika simulizi tukufu.

Mirambo na mwandishi wa New York Herald

Mwandishi wa habari wa kwanza mwenye jina kubwa duniani kuripoti vita katika nchi hii alikuwa Henry Morton Stanley, aliyefika Unyanyembe, karibu na Tabora, mwaka 1871 akiwa ametumwa na gazeti la New York Herald la Marekani kumtafuta mpelelezi David Livingstone. Alikuta njia ya kwenda Ujiji imefungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa anagombania udhibiti wa biashara ya pembe za ndovu na ushuru wa misafara dhidi ya wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Mirambo alitegemea rugaruga, yaani askari vijana wa kukodiwa wasio na mashamba wala familia za kuwarudisha nyumbani, na baadhi ya mbinu zake zilitokana na Watuta, tawi la Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika na kukaa Runzewe, ambayo leo imo katika Wilaya ya Bukombe mkoani Geita. Agosti 1871 Stanley alijiunga na jeshi la Waarabu lililoshambulia Wilyankuru. Jeshi hilo liliteka kijiji, kisha likaviziwa likiwa njiani kurudi na mateka yake, na wiki hizo hizo Mirambo akaivamia na kuichoma Tabora.

Taarifa alizopeleka Stanley zilimchora Mirambo kama jambazi, jambo lisilo la kushangaza, kwa kuwa mwandishi huyo alikuwa ameshika bunduki upande mmoja wa vita alivyoviripoti. Miaka mitano baadaye, mwaka 1876, alipokutana na Mirambo ana kwa ana kaskazini mwa Unyamwezi na kufanya naye undugu wa damu, aliandika habari za mtu mpole, mwenye adabu na busara ya utawala, na kukiri kwamba hakuona kwake dalili yoyote ya ujambazi aliokuwa ameutangaza. Wasomaji wa New York walipata picha mbili za mtu mmoja, na picha hizo zilifuata mahali aliposimama mwandishi kuliko mabadiliko ya Mirambo mwenyewe.

Nyimbo hazikuwa huru na kasoro ya namna hiyo, kwa maana mtunzi wa mtemi alimsifu mtemi na kumdhihaki adui yake. Lakini upendeleo wa wimbo ulikuwa wazi mbele ya kila msikilizaji, ilhali upendeleo wa taarifa ya gazeti ulijificha nyuma ya sauti ya shahidi asiye na upande. Zaidi ya hayo, wimbo ulisafiri. Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliokuwa uti wa mgongo wa upagazi wa misafara iliyounganisha maziwa makuu na Bagamoyo, na wapagazi waliimba njiani, kiasi kwamba jina la Mirambo lilifika pwani katika midomo ya watu waliomfahamu kama jirani, mkuu wao au adui aliyechoma kijiji chao. Mirambo alifariki Desemba 1884 akiwa katika kampeni dhidi ya Ukune, nchi iliyoko Kahama, na baada ya kifo chake dola yake ilidhoofika haraka. Kilichodumu ni kumbukumbu yake, ambayo kwa sehemu kubwa ilihifadhiwa kwa mdomo.

Mafunzo kutoka pwani

Wakati Wajerumani walipoivamia pwani, mtunzi wa Tanga aliyeitwa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, akisimulia vita vya miaka 1888 na 1889 vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani. Utenzi huo, ambao J.W.T. Allen aliuhariri na kuuchapisha katika miaka ya 1950, unataja watu, miji na mfuatano wa matukio kwa namna ambayo mwanahistoria anaweza kuilinganisha na taarifa za Wajerumani. Lakini kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuwaeleza watu walioshindwa kwa nini wameshindwa bila kuwaambia kwamba hawakuwa na thamani, jambo ambalo taarifa ya kijeshi ya mshindi haikukusudia kulifanya.

Mfano wa pili unaonya. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji kuhusu mapambano yaliyoanza mwaka 1905 kusini mwa nchi, na ndani yake aliwatazama wapiganaji wa bara kwa jicho la Mwislamu wa mjini aliyeona imani kwamba maji ya dawa yangewakinga na risasi kuwa upotofu, huku akiona pia ukali wa Wajerumani. Msomaji anayetafuta katika utenzi huo sauti ya mpiganaji wa bara hataipata. Atapata sauti ya mji wa pwani uliokuwa na hofu. Kwa hiyo beti, kama taarifa, lazima ziulizwe zilitungwa na nani, kwa ajili ya nani, na akiwa amesimama wapi.

Bara la magharibi nalo lilikuwa na vita vyake dhidi ya Wajerumani. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yake ilipozidiwa, alijilipua kwa baruti badala ya kutekwa. Taarifa ya kijeshi iliandika kuanguka kwa ngome. Kumbukumbu za Wanyamwezi ziliandika, katika nafsi za watu, jinsi alivyochagua kufa, na ni hilo la pili ambalo wajukuu wao wamelirithi.

Vita viwili vya dunia

Vita Kuu ya Kwanza vilifika Shinyanga kwa miguu ya wapagazi. Julai 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Mwanza, kisha yakaelekea kusini kupitia nchi ya Shinyanga yakifuata njia ya Tabora, ambako Wabelgiji waliokuwa wakitoka magharibi waliingia tarehe 19 Septemba 1916. Kabla ya kuuacha mji huo Wajerumani, waliokuwa wamekatiwa njia za baharini, walikuwa wametengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa kutumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na hivyo madini ya bara yaliingizwa moja kwa moja katika gharama za vita. Takwimu rasmi za Uingereza zinaonyesha kwamba zaidi ya wapagazi 90,000 wa upande wake walikufa katika kampeni ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa magonjwa na njaa, na wengine wengi hawakuhesabiwa. Wengi mno hawakuwekewa kaburi lenye jina, na katika mazingira ya namna hiyo wimbo unaomtaja marehemu kwa jina lake na la kijiji chake ulikuwa mahali pekee ambapo kifo chake kiliandikishwa.

Vita Kuu ya Pili vilikuta mazingira tofauti. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilikuwa inapita Shinyanga; mgodi wa dhahabu wa Geita ulikuwa umeanza uzalishaji katika miaka ya 1930; na mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui. Maelfu kwa maelfu ya Watanganyika waliandikishwa jeshini, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na hatimaye Burma. Habari zilisomwa katika gazeti la kila mwezi la serikali, Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, na katika magazeti ya Kiswahili yaliyotolewa kwa ajili ya askari, kama vile Heshima. Mambo Leo lilikuwa na kurasa za mashairi, ambamo walimu, makarani na askari waliandikiana kwa beti, wakiulizana na kujibizana, na kwa njia hiyo msomaji wa Shinyanga aliweza kukuta habari za vita na shairi katika toleo moja.

Ni katika hali hiyo Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga na karani wa serikali ambaye hakuwahi kufika uwanja wa vita, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, kazi yenye beti takribani 3,000 iliyochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Alitegemea magazeti na redio, na kazi yake inafuata vita kutoka Ulaya hadi Asia. Yaani alichukua taarifa za wengine akazipanga upya katika mizani, na katika kuzipanga akazipa swali ambalo hazikuwa nalo. Kwa kuviita vita hivyo vya uhuru alitwaa neno ambalo watawala walilitumia dhidi ya Hitler na kuliweka mbele ya wasomaji waliokuwa wenyewe chini ya ukoloni. Askari waliorudi vijijini walikuwa wamelipigania neno hilo katika nchi za mbali, na katika muongo uliofuata wengi wa watu wa Kanda ya Ziwa walijiunga na vyama vya ushirika vya pamba na kisha chama cha siasa cha TANU; mwaka 1958 wananchi wa Geita walipinga baraza la wilaya la mseto wa rangi na kuandamana hadi Mwanza. Haiwezekani kudai kwamba utenzi ambao haukuwa umechapishwa ulisababisha hayo, lakini unathibitisha kwamba fikra zilizoyasukuma zilikuwa tayari zimepata lugha yake katika ushairi.

Vita vya Kagera

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliivamia Tanzania na kuikalia ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera, yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,800, yakaua raia, yakaiba mifugo na kuvunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania itapigana, katika hotuba ambayo nguvu yake ilitokana na kurudia muundo mmoja wa sentensi mara tatu, jambo ambalo sikio la Mswahili lililipokea kama lipokeavyo ubeti. Ndiyo sababu watu wengi wanaikumbuka kwa moyo hadi leo. Watu wa Shinyanga na Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, walikuwa karibu na vita kuliko Watanzania wengi. Mgambo, yaani raia waliopewa mafunzo ya kijeshi vijijini na kazini, waliandikishwa kwa makumi ya maelfu kote nchini, na Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilijaribu kuupiga mji wa Mwanza, ikakosa shabaha na kuua wanyama wa hifadhi.

Habari za kila siku zilitoka Redio Tanzania na katika magazeti ya Uhuru na Daily News. Majeshi ya Tanzania yaliuteka mji wa Masaka nchini Uganda mwishoni mwa Februari 1979, mapigano makali ya Lukaya yalifanyika Machi, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na vita vikaisha mwanzoni mwa Juni. Redio hiyo hiyo ilipiga nyimbo za bendi, kwaya na vikundi vya ngoma kati ya taarifa moja na nyingine, na askari wenyewe waliwapa makamanda wao majina ya sifa kama ilivyo desturi ya ushairi wa vita: David Musuguri akaitwa Jenerali Mutukula, na Silas Mayunga akaitwa Mti Mkavu. Majina hayo yalikuwa habari iliyofupishwa, kwa kuwa kila aliyeyasikia alielewa mahali au tabia iliyokusudiwa.

Baada ya vita ziliandikwa kazi mbili ambazo zikisomwa pamoja zinaonyesha wazi mgawanyo wa kazi kati ya nathari na ushairi. Mwandishi wa habari Baldwin Mzirai alitoa mwaka 1980 kitabu cha Kuzama kwa Idi Amin, kinachoeleza mpango wa mapigano, vikosi na makamanda. Na mwaka 1981 Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada, uliochapishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtunzi huyo alirudi kwenye umbo lile lile alilotumia Hemedi takribani miaka 90 kabla yake, lakini tofauti na Hemedi alikuwa anasimulia ushindi, na neno anguko katika anwani yake linabeba hukumu: kisa cha jeuri na malipo yake.

Ushindi huo ulikuwa na gharama ambayo kazi za kishujaa hazikuipa nafasi kubwa. Hazina ya nchi ilikauka, bidhaa zikaadimika, na silaha zilizovuka mpaka ziliingia mikononi mwa wezi wa mifugo. Kutokana na hali hiyo, kati ya mwaka 1981 na 1982, wanavijiji wa Kahama na maeneo ya jirani waliunda sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi lenye pinde na mishale, lililoenea haraka Usukuma na Unyamwezi. Sungusungu waliitana kwa mwano, yaani ukelele wa hatari unaopokewa kutoka kijiji hadi kijiji, na mikutano yao iliambatana na nyimbo na ngoma zilizotangaza sheria za kundi na kuonya waovu. Hapa wimbo haukuwa tu ukumbusho wa vita vilivyokwisha, bali chombo cha kupigania amani iliyokuwa imevunjwa na matokeo ya vita hivyo. Na pale ulipomtaja mtu kwa uovu ambao haukuthibitishwa, ulionyesha pia hatari ya maneno yenye nguvu yasiyo na ushahidi.

Hifadhi katika ukanda wa dhahabu

Miongo iliyofuata ilibadilisha jamii iliyokuwa ikisikiliza nyimbo hizo. Wachimbaji wadogo kutoka kila pembe ya nchi walimiminika katika machimbo ya Geita na Kahama. Migodi mikubwa ya kisasa ilifunguliwa Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Katika miji iliyokua kwa kasi namna hiyo, Kiswahili ndicho kinachounganisha watu, na wimbo wa Kisukuma unaotaja kijiji, mtemi au mapigano fulani hupoteza wasikilizaji wanaoweza kuuelewa na, muhimu zaidi, kuusahihisha. Juhudi za kuhifadhi zipo: Kituo cha Bujora kilichoko Kisesa, nje ya Mwanza, kilichoanzishwa na Padri David Clement, kimetunza ngoma na zana za Wasukuma, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina nyaraka za mtafiti Hans Cory kuhusu mila za watu wa eneo hili, na mtafiti mwingine, Frank Gunderson, alichapisha mwaka 2010 mkusanyiko wa nyimbo zaidi ya 300 za kazi za Wasukuma pamoja na maelezo yake.

Hukumu inayotokana na historia hii ni kwamba taarifa na utungo vinahitajiana. Taarifa bila ushairi ilimwita Mirambo jambazi na kuwaacha wapagazi 90,000 kuwa namba. Ushairi bila taarifa unaweza kusifu bila kupima na kushutumu bila kuthibitisha. Askari na wanamgambo waliovuka Mto Kagera mwaka 1979 wakiwa vijana sasa ni wazee, na nyimbo walizoziimba njiani na walizoimbiwa waliporudi hazijaandikwa zote. Ni wajibu wa walimu wa historia na fasihi wa Shinyanga na Geita, wa redio za mikoa hiyo na wa vyuo vikuu kuzirekodi wakati waimbaji wako hai, kuandika kando ya kila wimbo jina la mtunzi, mahali, mwaka na tukio linalotajwa, na kuziweka mahali ambapo kijana wa machimboni, hata kama hajui Kisukuma, anaweza kuzisoma katika tafsiri na kujua ni watu gani walioilinda nchi anayochimba.